Aliyemng'ata Mwanangu Siye Hank

Mpendwa Shangazi Maxine,

Naandika nikiwa ndani ya gari nje ya shule ya mwanangu kwa sababu nyumbani kila chumba kina mtu wa kunitazama, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa mimi mwenyewe nimeshajihukumu tangu Jumamosi na hukumu hiyo haijamsaidia mtu, maana kuna mbwa amefungwa kwa ajili yangu, Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi kikao cha mji kinamkatia shauri la kufa, na mbwa huyo hana kosa, na mtu mzima pekee aliyeona kwa macho yake kwamba hana kosa ni mimi.

Sisi ni familia ya kawaida tu, Shangazi. Kila Jumamosi tukishakula pankeki tunaingia garini, mimi na mume wangu Curtis, binti yetu Britta wa miaka sita, mama mkwe wangu Arlys na kiti chake cha kukunja na chupa yake ya kahawa, na Ziggy mbwa wetu, tunakwenda kwenye uwanja wa mbwa ulioko nyuma ya tangi la maji la zamani. Ziggy ni mbwa mdogo chotara, masikio makubwa, mdomo mkubwa zaidi, na Britta amelala naye miguuni tangu alipokuwa kwenye kitanda cha watoto. Tumekwenda pale miaka minne, kwa hiyo pale mimi sina jina, ni Mama Ziggy, kama vile yule mwenye mbwa wa rangi ya chungwa ni Mama Clementine na yule mzee mwenye mbwa mkubwa wa kijivu ni Baba Hank. Hakuna anayemuuliza mwenzake jina la kwenye kitambulisho. Unamjua mbwa wa mtu anaogopa nini, anakula nini, amefanyiwa upasuaji gani, na mwenye mbwa humjui hata anakaa mtaa upi.

Baba Hank ndiye anayejaza mabakuli ya maji. Majira ya baridi bomba la pale huganda, basi yeye huja na madumu mawili kutoka kwake, anayaweka katikati ya malango mawili ya kuingilia, anafunga lango la nje, anamfungua Hank kamba, anafungua lango la ndani, anaanza kumimina. Hajawahi kuambiwa na mtu afanye hivyo, wala sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kumshukuru.

Langoni kuna bango. Linasema chakula hakiruhusiwi ndani, na mtoto wa chini ya miaka minane haruhusiwi. Kila mtu anakuja na watoto wake, Shangazi, siyo sisi tu, lakini ni sisi tuliomfundisha Britta kwamba akiulizwa aseme ana minane. Nyumbani ana sita, langoni ana minane, na tulikuwa tunacheka. Nakuambia hilo mapema kwa sababu ndipo yote yalipoanzia.

Jumamosi theluji ilikuwa inayeyuka, upande wa mbwa wadogo ulikuwa bwawa, kwa hiyo wote tukajazana upande wa wakubwa. Ziggy alikuwa anabweka bila kupumzika. Mama Clementine akanipigia kelele, "Mama Ziggy! Huyo wako leo umemlisha nini, betri?" Baba Hank akamjibu kwa niaba yangu, "Mwache bwana, mwili wa paka na kelele za mnadani, atatulia." Nilicheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho mpaka leo.

Curtis alikuwa amerudi garini kuchukua glovu. Mama mkwe alikuwa kitini anafungua chupa ya kahawa. Baba Hank alikuwa ameinama kule kwenye ukingo anaokota mavi ya Hank kwa mfuko, ametupa mgongo. Na mwanangu akatia mkono kwenye mfuko wa koti akatoa kijiti cha jibini, kile cha kuchambua nyuzi nyuzi, ambacho bibi yake alimtilia garini akamwambia asinionyeshe. Nilimwona anakimenya. Nilifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka Ziggy alikuwa ameshamrukia, na mbwa wengine wawili wakaja mbio, na Ziggy alipowaona akageuka mbwa nisiyemjua, akalilinda lile jibini, na kwa kuwa jibini lilikuwa mkononi mwa Britta, akaukamata mkono. Chini ya kiwiko, Shangazi. Akang'ang'ania. Mwanangu hakupiga kelele mara moja, alimtazama Ziggy kwanza, kama anayesubiri amwambie ni utani.

Hank ndiye aliyekuja. Alikuja kwa kishindo, akampiga Ziggy kwa bega mpaka akaachia na kubiringika kwenye matope, kisha akasimama juu ya Britta aliyeanguka, miguu huku na huku, hakuna mbwa mwingine aliyethubutu kusogea, na akaanza kumlamba ule mkono. Damu ikamjaa mdomoni. Ndipo mama mkwe akainua macho kutoka kwenye kikombe chake akapiga ukelele: "Lile dubwana linamla mtoto! Jamani, linamla mtoto!" Watu wote wakageuka, na wote wakaona kile alichokiona yeye, mbwa mkubwa ana damu mdomoni juu ya mtoto mdogo. Curtis akaruka ua. Mama Clementine akampiga Hank teke. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tano, nimeona kila kitu, na sikusema neno.

Garini, nikiwa nimemfunga mkono kwa skafu, Britta alisema wazi kabisa, "Siyo Hank. Ni Ziggy." Mama mkwe akamwambia, "Umechanganyikiwa na maumivu, kipenzi changu, bibi ameona." Nami nikaangalia barabara.

Hospitali walimshona nyuzi tisa. Daktari aliuliza ni mbwa gani, mama mkwe akajibu kabla yangu. Hospitali ikaripoti, maana ni sheria, na Jumapili afisa wa wanyama akaja nyumbani, kijana mpole, akavua viatu mlangoni, akasema rekodi zinaonyesha Hank chanjo yake ya kichaa cha mbwa ni kamili na tayari wamemzuia kituoni kumwangalia siku kumi, kwa hiyo daktari ameona Britta hahitaji sindano zozote. Kisha akanisogezea karatasi ya maelezo. Hapo ndipo nilipolisoma jina kwa mara ya kwanza: mwenye mbwa, Orrin Halvorsen. Miaka minne namjua, na nimelijua jina lake siku niliyotia sahihi dhidi yake. Nilitia sahihi, Shangazi. Kalamu ilikuwa ya kwangu.

Usiku wa Jumamosi nilikuwa nimeshamweleza Curtis ukweli. Akasema, "Ziggy ana alama moja tayari." Ni kweli, mwaka juzi alimng'ata mtu wa posta mguuni na mji ukatuandikia onyo. "Wakiandika ya pili wanamchukua. Wewe ndiye utakayemwambia Britta? Mimi siwezi." Basi Jumapili, afisa alipoondoka, akampakia Ziggy akampeleka kwa ndugu yake shambani, mwendo wa saa tatu kutoka hapa, anazurura huko ghalani na mbwa wao mpaka mambo yapoe. Chanjo yake nayo ilikuwa imeisha tangu Novemba, tulipanga kumpeleka baada ya Krismasi, halafu ikawa hivi na vile, na Februari akapambana na kicheche chini ya baraza akarudi amechubuka pua na kunuka nyumba nzima, tukamwogesha mara nne, tukasema hata mganga wa mifugo hatampokea na harufu hiyo, basi tukaahirisha tena. Afisa angekuta na chanjo haipo, ingekuwa kosa juu ya kosa.

Tangu hapo watu wa uwanjani hawaachi kunipigia simu. Mama Clementine anakusanya sahihi Hank auawe. "Tuko nyuma yako, Mama Ziggy," ananiambia, "lile jitu nililihofia tangu siku ya kwanza." Siyo kweli, nimemwona mara ngapi amemlalia Hank tumboni akipiga naye picha.

Lakini mawili ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. La kwanza ni la jana. Nilikwenda kumchukua Britta, mwalimu akamwinamia akamuuliza nani alimuuma, na mwanangu akasema, "Hank. Ni mbwa mbaya." Alisema vizuri, bila kukwama, kisha akanitazama mimi usoni kuona kama amesema sawa. Shangazi, nikamtikisia kichwa kukubali. Kichwa changu chenyewe kilitikisika.

La pili ni la leo asubuhi. Nilikwenda uwanjani kuchukua kiti cha mama mkwe tulichokiacha. Baba Hank alikuwepo, peke yake, amesimama katikati ya yale malango mawili ameshika kamba isiyo na mbwa, na madumu yake miguuni. Nilitaka kurudi garini, lakini alikuwa ameshaniona.

"Mama Ziggy. Mtoto anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vizuri.

"Vidole anavikunja?"

Nikasema anavikunja.

Akasema, "Namshukuru Mungu. Mimi sikuona, nilikuwa nimeinama. Najiuliza kila siku, Hank? Miaka tisa hajawahi kumtolea mtu meno. Lakini wewe ulikuwa pale, na wewe si mtu wa kusingizia. Ukisema ni yeye, basi ni yeye." Akazungusha kamba kwenye kiganja. "Jumatatu sitabishana nao. Nitatia sahihi wamalize. Sitaki mtoto wako aitwe mbele za watu kuhojiwa. Nimewaomba wanikubalie niwe naye ndani, asiwe na wageni watupu."

Kisha akafungua lango la ndani akaenda kumimina maji kwenye mabakuli ya mbwa wa watu wanaokusanya sahihi.

Sasa nifanyeje? Nikisema, Ziggy anakufa na moyo wa mwanangu unavunjika, mume wangu ataniona nimemsaliti, mama mkwe ataonekana mwongo na mzembe wa jibini, na mimi nimedanganya kwenye karatasi ya serikali. Nisiposema, unajua. Nimefikiria labda niandike barua isiyo na jina kwa wale wa kikao, niseme kuna shahidi aliyeona tofauti, wachunguze wenyewe. Au nisubiri Jumatatu, pengine watamhurumia Hank bila mimi. Nishauri, Shangazi, ila usinikemee sana, maji yameshanifika shingoni.

Ni mimi,
Mama Ziggy

* * *

Mama Ziggy,

Barua pepe yako imenifikia leo Alhamisi asubuhi. Kwa desturi barua hupanga foleni hapa gazetini. Yako nimeijibu kabla kahawa yangu haijapoa, na utaelewa kwa nini.

Acha kusoma. Chukua simu, mpigie daktari aliyemshona binti yako, umwambie maneno haya bila kuyapamba: mbwa aliyemng'ata si yule mliyemfunga, ni wa kwetu, chanjo yake iliisha Novemba, na mwezi uliopita alipigana na kicheche. Ukimaliza, rudi tuendelee. Mimi sitoki hapa.

Umepiga? Haya.

Umeniandikia kurasa sita. Umemlilia Hank, umemlilia Ziggy, umemlilia mumeo na mkweo na wewe mwenyewe, na yale mambo mawili, chanjo na kicheche, umeyapitia kama mtu anayeruka dimbwi asilowe viatu. Unajua kwa nini Hank amefungwa siku kumi? Si adhabu. Wanamwangalia kama ana kichaa cha mbwa. Daktari alimnyima Britta sindano kwa sababu alidhani anayeangaliwa ndiye aliyeng'ata. Mji mzima unamkodolea macho mbwa asiye na habari, na yule ambaye meno yake yaliingia kwenye nyama ya mwanao anazurura ghalani mwendo wa saa tatu, hakuna anayemwangalia, na akijifia huko kesho shemeji yako atamzika bila hata kukupigia simu. Ugonjwa huo, mama, ukishajionyesha kwa binadamu hauna dawa. Kabla haujajionyesha, sindano zinauzuia. Pengine Ziggy ni mzima kabisa, mimi naamini ni mzima, alikuwa mbwa mdogo mwenye tamaa ya jibini basi. Lakini "pengine" si kitu cha kumpa mtoto wa miaka sita. Uliniuliza uchague nani kati ya mbwa wawili, na muda wote huo aliyekuwa kwenye mizani ni binti yako.

Nakuonea huruma, usidhani sina moyo. Najua jinsi mdomo unavyoganda. Mkweo alipiga kelele, umati ukageuka, na dakika ile ikapita, na baada ya hapo kila dakika ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Ningekuwa wewe pale matopeni labda na mimi ningenyamaza dakika hiyo. Dakika hiyo nakusamehe. Sikusamehe Jumapili. Jumapili ulikuwa umekaa, mkono wako hautoki damu, kalamu ni yako, na uliandika.

Mumeo Curtis mwambie hivi, kutoka kwangu: kumficha mbwa shambani si kumwokoa, ni kumfanya aonekane mhalifu. Mbwa aliyeng'ata kwa sababu mtoto asiyeruhusiwa alimenya chakula kisichoruhusiwa katikati ya kundi ana la kutetewa. Mbwa aliyetoroshwa hana. Shemeji yako amfungie leo hii, peke yake, asiguswe na mbwa wala mtu, na afisa yule mpole aambiwe aliko. Waseme wao arudishwe vipi na nani. Huenda wakamwacha kwa masharti, huenda wasimwache. Sitakudanganya, umedanganywa vya kutosha nyumbani humo.

Mkweo Arlys aliona alichoona, na alichelewa kuona. Hilo si uwongo. Uwongo ni pale mtoto alipomwambia garini na yeye akamfunga mdomo kwa neno "kipenzi". Usigombane naye. Mwambie tu utakayoyasema kwenye kikao, mara moja, na usiombe ruhusa yake.

Barua isiyo na jina nisiisikie tena. Kwa muda wote huu shida yako ni hiyo hiyo, kutokuwa na jina. Mama Ziggy ndiye aliyenyamaza, Mama Ziggy ndiye aliyeniandikia, na Mama Ziggy hawezi kufuta sahihi, kwa sababu hakuitia yeye. Aliyeitia ana jina lake la ukoo na anwani ya nyumba. Huyo ndiye atakwenda leo, asingoje Jumatatu, kwenye ofisi ile ile, aombe karatasi mpya, aandike alichoona tangu kijiti cha jibini mpaka damu mdomoni mwa Hank, na kwamba maelezo ya kwanza si ya kweli. Ukipata wakili wa kukusindikiza ni vizuri zaidi, maana kweli umejikaanga mwenyewe. Asipopatikana leo, nenda bila yeye. Watakukasirikia. Pengine kutakuwa na faini, pengine zaidi ya faini. Utaimeza.

Kisha, kabla jua halijatua, utakwenda kwa yule mzee. Usiende uwanjani, nenda nyumbani kwake, anwani umeiona kwenye karatasi. Ukibisha hodi, usimwite Baba Hank. Mwite Bwana Halvorsen. Mtu aliyekuwa tayari kumshika mbwa wake akifa kwa sababu ya neno lako anastahili kulisikia jina lake kinywani mwako, angalau mara moja, kwa jambo jema. Mwambie alivyofanya Hank. Usianze na sababu zako, hajakuuliza. Kama atakufungia mlango, simama pale mpaka umemaliza kusema, kisha uondoke. Na Mama Clementine mpigie wewe, asisikie kwa mwingine, umwambie azichane zile sahihi na ajitayarishe kumwomba radhi mbwa aliyempiga teke.

Limebaki moja, na hili ndilo lililoninyima raha tangu nilipokusoma.

Mtoto wako alisema kweli. Alikuwa anatoka damu, ana miaka sita, anampenda mbwa huyo kuliko kitu chochote, na bado alisema, "Ni Ziggy." Ninyi watu wazima watatu mlichukua siku tatu kumfundisha kusema vingine, na amefaulu, na wewe ukamtikisia kichwa. Mlianza na miaka minane ya langoni, mkacheka. Unaogopa moyo wake utavunjika kwa ajili ya Ziggy. Utavunjika, ndiyo, na atalia wiki, na utamshika. Lakini mtoto anayejua kwamba Hank amekufa kwa neno lake, neno ambalo mama yake alimsaidia kulikariri, huyo utamshika vipi?

Kwa hiyo leo akitoka shule, usimwashie gari kwanza. Zima, geuka nyuma, umwambie: "Ulisema kweli tangu Jumamosi. Mimi ndiye niliyenyamaza. Hank alikusaidia, na tunakwenda kuwaambia." Mwambie hivyo tena jioni, mezani, mbele ya baba yake na bibi yake, kwa sauti. Kesho mwambie mwalimu. Na akikuuliza Ziggy atakuwaje, mjibu usilolijua kuwa hulijui.

Bango la langoni litiini. Kijiti cha jibini kiliwe nyumbani. Sasa niondokee, una safari nyingi leo.

Shangazi Maxine

* * *

Nyongeza, wiki tatu baadaye. Mwandishi wa barua hii ameniruhusu kuichapisha. Binti yake alianzishiwa sindano Alhamisi ile ile, na mbwa wao alipomaliza siku kumi akiwa mzima, daktari akazisimamisha. Mbwa huyo yuko nyumbani, hatoki bila kifunga mdomo, na uwanjani haendi tena. Hank alifunguliwa akarudi kwake. Majina yote hapa nimeyabadilisha, isipokuwa mawili, Hank na Orrin Halvorsen. Mzee mwenyewe alinipigia simu akaomba yaandikwe kama yalivyo.